Maswali ya Wasomaji: Mpira, Siasa na Maisha ya Chuoni

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanafunzi wa vyuo, na karibu zote zinauliza jinsi mtu anavyoweza kuupenda mpira kwa moyo wote bila kuyafumbia macho mambo ya utawala na bila kuyatupa masomo. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu zilizobaki zinaiegemea.

Shikamoo, mwandishi. Nasoma sayansi ya siasa, mwaka wa pili, na ni shabiki wa mpira tangu utotoni. Mhadhiri wetu mmoja husema kwamba mpira ni kilevi ambacho watawala huwanywesha watu ili wasahau shida zao. Bwenini nako, kila ninapotaja siasa wakati wa mechi, wenzangu hunikataza nisiwaharibie burudani, kwa kuwa mpira na siasa ni mambo mawili tofauti. Nimsadiki nani?

Marahaba, mwanangu. Mhadhiri wako ana ushahidi, na usimpuuze. Mwaka 1978 Kombe la Dunia lilichezwa Argentina, nchi iliyokuwa chini ya wanajeshi waliotwaa madaraka kwa mapinduzi ya Machi 1976. Fainali ilichezwa tarehe 25 Juni katika uwanja wa River Plate jijini Buenos Aires, na Argentina ikaifunga Uholanzi mabao 3-1 baada ya muda wa nyongeza. Mwendo mfupi kutoka uwanjani hapo palikuwa na shule ya ufundi ya jeshi la majini, iliyojulikana kwa kifupi kama ESMA, ambamo watu waliokamatwa kwa siri walikuwa wakiteswa, na wengi wao hawakuonekana tena. Walionusurika wamesimulia kwamba walizisikia shangwe za mashabiki wakiwa kizuizini. Jenerali Jorge Videla ndiye aliyemkabidhi kombe nahodha Daniel Passarella. Mtu akikutajia fainali hiyo, hutaweza kumjibu kwamba mpira ni burudani tu na yakaishia hapo.

Lakini mhadhiri wako hajamaliza hadithi, kwa maana kilevi hakimpi mnywaji sauti, ilhali mpira umewahi kuwapa sauti watu ambao hawakuwa na mahali pengine pa kusemea. Kwa kuwa wewe ni mwanafunzi, nitakupa mfano wa wanafunzi wenzako.

Tarehe 17 Aprili 1969, katika Chuo Kikuu cha Coimbra nchini Ureno, Rais Américo Tomás alikwenda kuzindua jengo la hisabati. Kiongozi wa wanafunzi aliomba nafasi ya kusema kwa niaba ya wenzake, akanyimwa, na usiku huo huo akakamatwa. Wanafunzi wakagoma, kisha wakasusia mitihani, na polisi wakaujaza mji. Chuo hicho kilikuwa na timu, Académica, ambayo wachezaji wake wengi walikuwa wanafunzi wanaohudhuria mihadhara kama wenzao. Msimu ule ule timu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Ureno, na mpinzani wake alikuwa Benfica.

Fainali ilichezwa tarehe 22 Juni katika Uwanja wa Taifa, nje kidogo ya Lisbon. Wachezaji wa Académica waliingia uwanjani kwa kutembea, taratibu, mabegani wakiwa wamevaa majoho meusi ya wanafunzi. Majukwaani yaliinuliwa mabango yaliyodai chuo huru, mafundisho bora na polisi wachache. Rais, ambaye kwa desturi alikuwa mgeni rasmi wa fainali hiyo, hakuja, na televisheni ya taifa haikuionyesha mechi. Serikali iliyozoea kujionyesha mbele ya umati iliuogopa umati ule, na kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko matokeo yenyewe.

Académica walitangulia kufunga dakika za mwisho za muda wa kawaida, Benfica wakasawazisha muda mfupi baadaye, na katika muda wa nyongeza Eusébio akafunga bao la ushindi, 2-1. Eusébio alizaliwa Msumbiji, na wakati anafunga bao lile nchi aliyozaliwa ilikuwa vitani kujikomboa kutoka kwa serikali ile ile ambayo wanafunzi wa Coimbra walikuwa wakiipinga. Baadhi ya viongozi wa mgomo waliadhibiwa kwa kuingizwa jeshini, jeshi lililokuwa likipigana katika makoloni ya Afrika. Kila ninapoifikiria mechi hiyo naona uchungu wake umewafikia watu wa mabara mawili, na hakuna aliyekuwapo pale ambaye angeweza kutenganisha mpira na siasa hata kama angependa. Utawala ule uliangushwa tarehe 25 Aprili 1974. Sisemi kwamba uliangushwa na mechi. Nasema kwamba wapo waliojifunza kusimama pamoja wakiwa majukwaani.

Kwa hiyo wenzako wa bwenini nao hawana budi kusikilizwa, ila kwa kiasi. Wana haki ya kutazama mechi kwa dakika 90 bila kuhutubiwa, na ukizungumza juu ya fainali ya 1978 wakati timu yao inapiga penalti, utakuwa umekosa adabu ya mahali. Hata sheria za mchezo zinakataza kauli za kisiasa kwenye jezi na vifaa vya wachezaji, na naelewa sababu yake, maana refa hawezi kupewa kazi ya kuamua ujumbe upi ni wa haki na upi si wa haki. Ninachokikataa ni kumkemea shabiki kwa kuinua bango huku mtawala akiketi jukwaa kuu, akipeana mikono na wachezaji mbele ya kamera na kudai ushindi ni wake. Hiyo pia ni siasa, tena ndiyo iliyotangulia kuingia uwanjani. Unaposikia kwamba mpira umetumika kisiasa, uliza umetumiwa na nani, na dhidi ya nani. Mhadhiri wako atalipenda swali hilo, na ukiliandikia insha utakuwa na mengi ya kusema.

Mheshimiwa mwandishi, kwa nini FIFA huzifungia nchi eti serikali imeingilia chama cha mpira, wakati FIFA yenyewe hufanya maamuzi ya kisiasa? Anayeumia si mchezaji?

Anayeumia ni mchezaji, naam, na shabiki pamoja naye. Kanuni za FIFA zinataka kila chama cha taifa kijiendeshe chenyewe bila kuingiliwa. Kenya ilifungiwa Februari 2022 baada ya serikali kuuondoa uongozi wa chama na kuweka kamati ya muda, kwa madai ya matumizi mabaya ya fedha, na ikafunguliwa Novemba mwaka huo. Kanuni hiyo ina faida, kwa sababu bila hiyo waziri angeweza kumpangia kocha kikosi. Ina hatari pia, kwa sababu kiongozi wa chama anayetuhumiwa kula fedha anaweza kujificha nyuma yake. Mimi ningependa ibaki, lakini isimkinge mtu yeyote na mahakama za nchi yake.

Kuhusu siasa za FIFA yenyewe, kumbuka kwamba Afrika ilipata nafasi yake kwa msimamo wa kisiasa. Kwa Kombe la Dunia la 1966 FIFA iliamua kwamba bingwa wa mchujo wa Afrika apambane na mshindi wa Asia na Oceania kugombea nafasi moja tu. Nchi za Afrika, Ghana ya Kwame Nkrumah ikiwa mstari wa mbele, zikakataa na kujitoa, na miongoni mwa malalamiko yao lilikuwamo pia suala la Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Kombe lilichezwa bila nchi hata moja ya Afrika. Kuanzia mashindano ya 1970 Afrika ikawa na nafasi yake kamili, na Morocco ndiyo iliyokwenda Mexico. Leo tunapozihesabu timu za Afrika katika Kombe la Dunia tunavuna walichokipanda waliokubali kukosa kucheza, na inanisikitisha kwamba mashabiki wengi vijana hawajawahi kusimuliwa habari hiyo.

Shikamoo. Nasoma udaktari mwaka wa tatu, na naichezea timu ya chuo. Wazazi wanataka niache mpira hadi nimalize masomo. Zaidi ya kucheza, nakiri kwamba natazama mechi nyingi za usiku, na alama zangu zimeanza kushuka. Je, nitii?

Marahaba. Umeleta mambo mawili ndani ya barua moja, na jibu la moja si jibu la jingine.

Kucheza kwako sioni kama ndiko kunakokuangusha. Sócrates, nahodha wa Brazil katika Kombe la Dunia la 1982, alisoma udaktari Ribeirão Preto huku akiichezea Botafogo ya mji huo, na alihamia Corinthians mwaka 1978, alipokuwa amekwisha kumaliza masomo. Hakuacha kimoja akashika kingine. Alikataa kuhama mapema hadi apate shahada. Na mtu huyo aliyezoea kufikiri darasani ndiye aliyekuja kuongoza, pamoja na wenzake wa Corinthians, utaratibu wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambapo mambo ya klabu, pamoja na ratiba za mazoezi na mambo ya kambi, yaliamuliwa kwa kura za wachezaji na wafanyakazi, wakati nchi ilikuwa bado chini ya utawala wa kijeshi. Kabla ya uchaguzi wa Novemba 1982 waliingia uwanjani na jezi zilizowahimiza watu wakapige kura tarehe 15. Waonyeshe wazazi wako mfano huo kwa heshima, na uwape ratiba iliyoandikwa ya mazoezi na masomo, kwa sababu mzazi hutulizwa na mpango anaouona kuliko ahadi.

Lakini mechi za usiku ni suala jingine, na hapo niko upande wa wazazi. Naijua hali ya mwanafunzi anayetazama mechi huku daftari la anatomia limefunguka mapajani: kipenga cha kuanza kinapulizwa akiwa kwenye mishipa ya mkono, na kipenga cha mwisho kinamkuta kwenye ukurasa ule ule, kisha inafuata saa nzima ya kubishana kuhusu penalti iliyonyimwa. Asubuhi anaingia mhadhara akisinzia. Hakuna aliyekulazimisha kutazama kila mechi ya kila ligi. Chagua timu yako moja, tazama mechi zake, na zile nyingine soma matokeo asubuhi kama watu walivyofanya kwa miaka mingi bila mapenzi yao kupungua. Wiki mbili kabla ya mitihani, hata hiyo moja iache. Mgonjwa utakayemhudumia hatajali ulikuwa unamshabikia nani usiku uliopaswa kujifunza dalili za ugonjwa wake.

Ukiambiwa kwamba mpira ni wa watu wasio na shule, usikubali. Wanafunzi wa Cambridge ndio waliokaa pamoja mwaka 1848 kuandika kanuni za kuunganisha namna mbalimbali za kucheza walizotoka nazo shuleni, na kanuni za Cambridge zilikuwa mezani Chama cha Soka cha Uingereza kilipokuwa kikitunga sheria zake mwaka 1863. Mchezo huu umekaa madawatini tangu mwanzo wake.

Ndugu mwandishi, uchaguzi wa serikali ya wanafunzi umekaribia. Mgombea mmoja wa urais ameandaa mashindano ya mpira kati ya mabweni, ametoa jezi zenye jina lake na mipira mipya, na timu yetu imepokea. Sasa wachezaji wenzangu wanasema ni utovu wa shukrani kutompigia kura. Mimi sijaridhika. Nifanyeje?

Usiridhike, rafiki yangu, una haki. Hicho ni kidato cha kwanza cha siasa mtakazokutana nazo mkishahitimu, na ni afadhali mkajifunza kuzikabili sasa, wakati hasara yake ni ya muhula au mwaka mmoja tu.

Shukrani kwa zawadi hutolewa kwa maneno, na kura si shukrani. Anayetoa jezi wiki chache kabla ya uchaguzi anataka alipwe, na deni hilo hamkuliandika nyinyi. Jiulizeni pia fedha za jezi zimetoka wapi, kwa sababu mwanafunzi anayeishi kwa mkopo wa masomo au kwa fedha za wazazi ni nadra kumudu kuvisha mabweni yote. Ikiwa kuna mtu au chama nje ya chuo kilichomfadhili, huyo ndiye atakayempigia simu baada ya kuapishwa, na nyinyi mtasubiri kwenye foleni.

Sikushauri mrudishe mipira wala msusie mashindano. Vijana wanaotoka jasho pamoja jioni hufahamiana kuliko wanavyofahamiana darasani, na jambo jema lisiachwe kwa sababu ya nia ya aliyelianzisha. Chezeni. Kama jezi zenye jina lake zinawakera, geuzeni ndani nje au vaeni za zamani, na mwambieni waziwazi kwamba timu ya bweni si kamati ya kampeni.

Kisha itumieni hadhara aliyoikusanya mwenyewe. Fainali ikimalizika atasimama kusema, na wanafunzi wote watakuwa pale. Nahodha wenu aombe nafasi, kwa adabu, amuulize maswali matatu: maktaba itafungwa saa ngapi kipindi cha mitihani, ataisimamiaje bajeti ya michezo ili wanawake nao wapate uwanja na vifaa badala ya kupewa saa zilizobaki, na je, yuko tayari kutangaza waliomfadhili. Swali la pili nawasihi msiliache. Chama cha Soka cha Uingereza kiliwazuia wanawake kutumia viwanja vya klabu zake kuanzia Desemba 1921, mwaka mmoja tu baada ya mechi ya wanawake kuwavuta watazamaji wapatao 53,000 uwanjani Goodison Park, na ilichukua karibu nusu karne kuliondoa katazo hilo. Chuoni kwenu huenda hakuna katazo lililoandikwa, lakini angalieni ni nani anayeutumia uwanja saa kumi na moja jioni.

Kama atakataa kujibu, mmeshapata jibu kabla ya siku ya kura. Kama atajibu kwa ukamilifu, kwa tarehe na kwa namba, na akawataja waliompa fedha, basi mpimeni pamoja na wagombea wengine kwa majibu yao. Akiwashinda wote, mpigie kura bila kinyongo, hata kama ni shabiki wa timu ambayo wewe huwezi kuivumilia.