Maji ya kisima yanageuka rangi usiku: ni chuma au choo cha jirani?

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Niko Mbalizi hapa Mbeya, tuna kisima cha ringi, miaka yote tulikuwa tunavuta kwa ndoo na maji hayakuwa na neno, mwaka jana tukakifunika tukaweka pampu na simtanki na toka hapo ni vituko tu. Maji yanatoka meupe kabisa ila ukiyaacha kwenye ndoo asubuhi yana rangi ya chai, chini kuna tope jekundu. Bomba la alfajiri linanuka mayai viza, likitiririka kidogo harufu inaisha. Mashati ya shule yamekuwa ya njano na nikitia Jik ndo yanazidi. Mume wangu anasema choo cha jirani kinavuja, fundi wa pampu anataka tununue mtambo wa kuchuja wa milioni na kitu. Nimsikilize nani?
(Mama wa watoto watatu, Mbalizi)

JIBU: Ndaga kwa kuandika dada yangu. Hela ya mtambo kaa nayo kwanza, na jirani msigombane naye kabla hamjapima.

Hiyo ya kutoka meupe afu yanageuka ni tabia ya madini ya chuma. Chini ya ardhi hakuna hewa ya kutosha kwaiyo chuma kinayeyuka humo na hukioni, maji yakikutana na hewa ndo kinageuka kutu na kuzama. Mlipokuwa mnavuta kwa ndoo kisima kilikuwa wazi na maji yanachafuka chafuka na hewa humo humo, kutu inabaki chini, sasaivi pampu inayabeba moja kwa moja mpaka kwenye tanki na hasa kama fundi aliining'iniza karibu na sakafu basi inafyonza na tope lote la miaka. Mwambieni aipandishe angalau mita moja, hiyo haihitaji milioni.

Hakikisha mwenyewe. Chota maji kisimani kwa ndoo safi, mengine chota bombani, weka kwenye glasi mbili mpaka kesho. Zikigeuka zote, chuma kiko kisimani. Ikiwa ya bombani inatoka nyekundu papo hapo na ya kisimani imebaki safi, angalia mabomba, ya chuma ya zamani yanaoza kwa ndani. Afu funua tanki la choo chako, ukikuta utelezi wa rangi ya chungwa kama makamasi, hao ni bakteria wanaoishi kwa chuma, na chini ya utelezi wao ndo wanajificha wale wanaotengeneza harufu ya mayai viza. Ndo maana inanuka alfajiri, maji yamelala kwenye bomba usiku kucha.

Dawa ya hao ni klorini ya nguvu mara moja, sio kijiko kila wiki. Kisima chenye upana wa mita 1 na maji ya kina cha mita 3 kina kama lita 2,350, hapo Jik isiyo na manukato ya asilimia 3.5 (soma lebo) weka lita tatu na nusu. Washa pampu, fungua kila bomba mpaka unusie klorini, funga, acha saa 12 hadi 24. Maji yatakuwa mekundu kuliko ulivyowahi kuona, usiogope, klorini inakitoa chuma chote kwa mpigo. Siku hiyo msinywe wala msipikie, afu pampu mmwage mbali na bustani mpaka harufu iishe, na simtanki lisuguliwe. Na mtu asishuke kisimani, hewa ya mle inaua.

Chuma chenyewe klorini haikimalizi, kitarudi. Njia ya bei ndogo ni kuyapa hewa: bomba linaloingia kwenye simtanki litobolewe matundu mengi maji yanyeshe kama mvua, yatulie usiku, mchote ya juu. Kuchemsha kunaua vijidudu ila chuma hakiondoi.

Mashati: acha Jik kabisa, inakomaza doa la kutu. Tumia limau na chumvi, anika juani, suuza. Ila usichanganye limau na Jik, inatoa gesi mbaya.

Sasa shemeji. Chuma kinachafua tu ila hakiwaumizi watoto, kinyesi kinaumiza na mara nyingi hakina rangi wala harufu. Pimeni umbali, inashauriwa choo kiwe angalau mita 30 na kisiwe upande wa juu wa mteremko. Pelekeni sampuli maabara ya maji ya Wizara pale Mbeya, muombe wapime chuma na bakteria wa kinyesi, chupa wawape wao, na mwende wiki moja au mbili baada ya klorini kuisha maana mkienda mapema mtapewa majibu mazuri ya uongo. Mkirudia mvua zikikolea itakuwa bora zaidi. Mpaka majibu yatoke, ya kunywa chemsheni.

SWALI: Nina gesti Mafinga, maji ya baridi hayana shida ila ya moto yananuka mayai, wageni wanalalamika. Kisima kibovu?
(Msomaji, Mafinga)

JIBU: Kisima kiache. Kama hita yako ni ya tanki, ndani kuna fimbo ya magnesiamu inayozuia tanki lisile kutu, na kwa baadhi ya maji ya kisima fimbo hiyo inawalisha bakteria wa harufu. Pandisha joto lizidi nyuzi 60 kwa masaa kadhaa wageni wakiwa hawapo maana yanaunguza, afu mwaga yote. Ikirudi, badilisha fimbo uweke ya aluminiamu na zinki. Kuna mafundi wanaing'oa wanaziba tundu wanaondoka, harufu inaisha kweli, ila tanki litatoboka.