Kwa mnaoanza kuandika historia ya timu ndogo za kikapu: niliyojifunza kwa Albany Patroons

Wadogo zangu, naona vijana wengi siku hizi mnapenda kuandika historia za timu na mimi nafurahi kweli, ila karibu wote mnakimbilia NBA ambako kila kitu kimeshaandikwa. Mimi nimekaa miaka na timu moja ndogo tu, Albany Patroons ya jimbo la New York, iliyoanza 1982 kwenye ligi ya CBA (Continental Basketball Association, ligi ya kikapu ya Marekani iliyokuwa chini ya NBA), na kuna mambo ningejua mapema ningeokoa muda mwingi sana.

La kwanza, na hili ndo kubwa kuliko yote: usiguse msimamo wa ligi kabla hujajua walikuwa wanahesabuje. Mimi nilimaliza wiki nzima napanga timu kwa idadi ya mechi walizoshinda, msimamo wangu ukawa haufanani na wa kwenye magazeti, nikaamini magazeti ndo yamekosea. Kumbe CBA kila mechi ilikuwa na pointi 7 za msimamo, unashinda mechi unapata 3, halafu kila robo uliyoshinda unapata 1. Tuchukue mfano, timu A inashinda robo ya kwanza 28-26, ya pili 30-29, ya tatu 25-24, halafu robo ya mwisho inapigwa 15-24. Mechi imeisha 98-103, A kafungwa, lakini anaondoka na pointi 3 na aliyeshinda anapata 4 tu! Sasa ukishaelewa hilo ndo unaelewa kwa nini timu iliyoachwa pointi 20 kwenye mechi ilikuwa bado inapambana robo ya nne kama ndo mechi imeanza, walikuwa na pointi yao ya msimamo ya kutafuta.

Halafu majina. Usichukue orodha moja ya wachezaji ukasema hii ndo timu ya msimu huo, maana kwenye ligi hizi NBA ikipiga simu mtu anafungasha begi, mara nyingi kwa mkataba wa siku 10, akirudi karudi. Msimu wa 1987-88 Patroons chini ya Bill Musselman walishinda mechi 48 wakapoteza 6 na ubingwa wakabeba, lakini Tony Campbell aliyekuwa anawafungia sana alichukuliwa na Lakers mwezi wa tatu, na Lakers nao wakawa mabingwa wa NBA mwaka huohuo. Ukisoma orodha ya mwisho wa msimu tu Campbell humuoni, na yeye ndo alibeba nusu ya stori. Kwa hiyo soma mechi kwa mechi, inachosha lakini hakuna njia nyingine.

Kuhusu makocha, kila mtu anataja kwamba Phil Jackson, aliyekuja kuwa kocha maarufu wa NBA, alifundisha pale halafu anapita, na hiyo inaniuma, kwa sababu alipewa timu katikati ya msimu wa kwanza kabisa, akachukua ubingwa 1984, akakaa mpaka 1987, na wachezaji wake walikuwa wanalipwa sawa wote, nyota na wa benchi. Hicho ndo cha kukaa nacho, jinsi mtu anavyojifunza kuongoza watu kumi ambao kila mmoja anataka aonekane aitwe juu NBA. Vilevile George Karl, 1990-91, ushindi 50 na kufungwa 6, nyumbani 28-0, na bado ubingwa hawakuchukua. Msimu kama huo uandike taratibu, usiupitie kwa sentensi moja kisa hakuna kombe.

La mwisho ni jina la timu lenyewe. Mwaka 1992 Patroons waligeuzwa kuwa Capital Region Pontiacs, wakacheza msimu mmoja, timu ikahamia Hartford. Ukitafuta kwa jina moja tu utadhani stori imeishia hapo. Wakarudi 2005 na jina la zamani, wakazima tena 2009 pamoja na CBA, wakarudi tena 2018 kwenye ligi nyingine na 2019 wakawa mabingwa wa TBL (The Basketball League). Na kocha aliyekuwa benchi siku hiyo ni Derrick Rowland, yuleyule aliyevaa jezi ya Patroons kwenye ubingwa wa 1984.