Dada wa Malindi, kwanza toa jina la mkuu wa chuo kwenye saini za benki

Umetuuliza hapa mtandaoni mambo manne kuhusu kusajili na kuendesha wakfu wenu, lakini mimi nimekwama kwenye lile la tano uliloliweka mwisho kabisa, kama mgeni anayekumbuka jambo akiwa keshavaa viatu: kwamba wakfu wa chuo chenu una milioni mbili za basari, na mkuu wa chuo, ambaye ndiye mwenyekiti wenu na mmoja wa watia saini, ameomba "kuazima" laki nane amalizie bweni. Atarudisha mgao wa kaunti ukiingia.

Usikubali. Mgao utachelewa, na siku ukiingia hautakuja kwenu. Haya mambo tuliyafanya hapa Amu (Lamu) miaka minne iliyopita, na hata neno lilikuwa hilo hilo, kuazima. Jirani huazima sufuria. Huazima ngazi. Ukisikia mtu anaazima pesa ya watu wengine kutoka mkono wake wa kulia kwenda wa kushoto, jua kuna jambo.

Nilikuwa mweka hazina. Haya, chekeni. Nina cheti cha uhasibu, kimo kwenye fremu dukani kwangu juu ya magunia ya mchele, na wateja huniuliza kama ni leseni ya kaunti.

Ilivyokuwa ni hivi. Familia moja ya hapa inayoishi ng'ambo ilileta milioni tatu kwa ajili ya mama yao marehemu. Barua yao ilikuwa ukurasa mmoja, tena nusu yake salamu. Neno lenyewe lilikuwa mstari mmoja: asili, yaani zile milioni tatu zenyewe, isiguswe, faida isomeshe vijana wa Amu, Siyu na Faza katika chuo cha ufundi. Tukaziweka akaunti ya mudharaba kwenye benki ya Kiislamu, yaani benki inazifanyia biashara na faida mnagawana, maana riba hatuitaki. Mwaka wa kwanza faida ikatoka asilimia 9, yaani 270,000. Kodi ya zuio, asilimia 15, ikaondoka na 40,500. Tukabaki na 229,500, na karo ilikuwa 18,000 kwa mwaka. Wanafunzi 12 wakasoma, na chenji ikabaki ya makaratasi. Nilikuwa natembea Langoni kifua mbele kama mimi ndiye niliyezitoa.

Mwaka wa pili mkuu wa chuo akataka karakana ya kuchomelea na kutengeneza mashine za boti. Karakana ilihitajika kweli, sisemi haikuhitajika. Vijana walikuwa wanajifunza kuchomelea chini ya mwarobaini, mvua ikinyesha masomo yamekwisha. Kaunti ilikuwa imeahidi, na sote tulimsikia afisa akiahidi. Basi siku ya kikao, kwenye darasa la ushonaji, vyerehani vimefunikwa vitambaa, viazi vya karai vimeshaliwa, imebaki dakika ishirini adhana ya Magharibi ipigwe, tukafika kwenye ajenda ya mwisho. Mengineyo. Ndipo alipoleta ombi la 1,900,000. Si ajenda namba mbili wala namba tatu. Mengineyo! Watu wanatazama saa, wengine wameshainuka kutafuta makubadhi.

Mzee mmoja tu, mwalimu wa madrasa, ndiye aliyeinua mkono. Akauliza, "Sharti la mwenye kuweka wakfu ni lipi?" Swali la maneno saba, na lilitosha kufunga kikao. Kila aliyekaa madrasa siku mbili anajua sharti la mwenye kuweka wakfu huchukuliwa kama nassi, yaani andiko la sheria lisilobadilishwa. Lakini tulikuwa na mshauri.

Ngoja niseme kuhusu huyu mshauri, maana nimenyamaza miaka minne na shinikizo la damu limepanda. Tulimlipa 120,000, tukamkatia na tikiti ya ndege mpaka Manda, tukamlaza Shela kwa kuwa alisema mjini punda wanampigia kelele. Akatuletea katiba. Ukurasa wa 14 wa hiyo katiba una jina la shirika jingine kabisa ambalo hakukumbuka kulifuta, na kuna kifungu kinasema "faida itagawiwa wanahisa". Wanahisa! Wa wakfu! Huyu ndiye aliyemkatiza mzee wa watu: "Mzee, hii ni wakfu ya kisasa. Pesa ikishaingia kwenye akaunti ni ya shirika, mfuko ni mmoja." Mzee akashusha mkono, akavaa kofia yake vizuri, akanyamaza. Na sisi tuliokulia mji ambao kila pembe pana nyumba au shamba la wakfu, tukamsikiliza mtu aliyejifunza neno hilo wiki ile.

Mfuko si mmoja. Pesa iliyoletwa kwa nia maalumu ni amana ya nia hiyo, hata ikilala akaunti moja na nyingine. Ile iliyoletwa bila sharti, kama michango ya chakula cha jioni au ya wanafunzi wa zamani, hiyo bodi ina uhuru nayo. Na ile ambayo asili yake imefungwa, mnakula matunda tu, mti hamshiki. Ni aina tatu, na mwenye kuzihesabu lazima awe na safu tatu kwenye daftari. Sisi tulikuwa na safu moja. Mwenye cheti kwenye fremu ndiye aliyeichora.

Sasa kaa hapa kwenye hesabu ya watu, maana shimo lenyewe ndipo lilipo. Wadhamini tulikuwa saba. Mkuu wa chuo. Naibu wake. Mwenyekiti wa bodi ya magavana wa chuo. Mhasibu wa chuo. Hao wanne. Halafu mimi, mzee wa madrasa, na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni ambaye siku hiyo alikuwa Mombasa. Aliyeomba pesa alikuwa na kura nne kati ya saba kabla hajafungua mdomo. Benki nako, saini wowote wawili kati ya watatu: mkuu, yule mwenyekiti, na mimi. Wangeweza kutoa bila mimi. Lakini nilitia saini, tena nilikuwa wa kwanza, kwa sababu mkuu wa chuo alinifundisha hesabu sekondari na mtu humwambiaje mwalimu wake hapana? Hilo ni kosa langu, simsukumii mshauri. Ingawa naye alaaniwe kidogo.

Naona wawili waliokujibu hapo juu kabla yangu wamekuambia "mradi muhtasari uandikwe na wote watie saini, hakuna shida." Ndugu zangu, sisi tuliandika! Niliuandika mimi, kwa hati nzuri: "Kikao kiliafiki mfuko ukiazime chuo 1,900,000 zitakazorejeshwa ndani ya miezi sita." Karatasi hiyo ninayo. Nikienda nayo benki wataniuliza kama nataka kuifanyia laminesheni.

Na hapa ndipo ambapo hata wewe, dada, nadhani hujapaona. Chuo cha ufundi cha kijiji, kwa katiba ya 2010, kiko chini ya kaunti. Pesa ya kaunti inapita kwenye bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti, kasma kwa kasma, yaani kila fungu na kazi yake, kuanzia 1 Julai mpaka 30 Juni. Mgao ulipokuja, miezi kumi na nne baadaye, nikaenda na muhtasari wangu. Afisa wa fedha, kijana mpole, akanionyesha kwenye kompyuta: vifaa vya mafunzo, matengenezo, umeme. Akaniambia, "Mzee, hapa hakuna kasma ya kulipa deni la wakfu wenu. Nikilipa, mkaguzi ataniuliza nimelipa nini." Alikuwa sawa kabisa, na hilo ndilo lililonikata maini. Mkuu wa chuo alituahidi pesa ambayo hakuwa na mamlaka ya kuiahidi. Si mwizi, nasema tena, hakula hata senti. Alikuwa na haja, na kalamu ilikuwa mkononi mwake. Hata wenu huenda ni mtu wa swala tano, haibadilishi kitu.

Na karakana? Makadirio yalifanywa kwa bei za bara. Hakuna aliyeongeza boti ya kutoka Mokowe, hamali wa gatini, na punda wa kupandisha simiti mfuko kwa mfuko. Pesa zikaisha ukuta ukiwa umefika kwenye linta. Mabati yakakaa chini yakila chumvi ya bahari mpaka yakawa na rangi ya chai. Leo hii karakana ina wanafunzi wawili wa kudumu, punda mmoja na mwanawe.

Asili ikabaki 1,100,000. Faida asilimia ile ile, 99,000, toa kodi, 84,150. Wanafunzi wanne. Kwa hiyo wanane tuliwaandikia barua. Mmoja alikuwa msichana wa Matondoni, anasomea umeme, mwaka wake wa pili. Alikuja dukani na barua ile, hakulia wala hakunitukana. Aliuliza kama ile saini ya chini ni yangu. Nikasema ndiyo. Akasema, "Sawa, nilitaka kujua tu," akanunua kiberiti, akaenda.

Kiberiti chenyewe nilikataa pesa yake, akaiacha juu ya kaunta.

Kisha akaja mpwa wa ile familia, msimu wa Maulidi, mji umejaa wageni. Tumekaa barazani kwangu, kahawa na halua. Akaomba orodha ya wanafunzi, nikampa. Akahesabu, akahesabu tena. Akaomba taarifa ya benki. Akaweka kidole kwenye mstari na kuuliza kwa adabu zote, "Ami, hii milioni moja na laki tisa iko wapi?" Nikampandisha darini nikamwonyesha karakana kwa mbali. Akatazama kitambo kirefu. "Mbona ina punda?" Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi siku ile, lakini hakuna hata moja lililokuwa na punda ndani yake.

Hawakutushtaki. Wakili tuliyemwendea baadaye alituambia wangeweza, na kwamba mdhamini anayevunja amana anaweza kudaiwa yeye binafsi, duka lake na fremu yake. Ila kulikuwa na milioni mbili nyingine waliyokusudia kuongeza, haikuja. Mpaka leo tumerudisha laki nne, nyingi zikitoka mifukoni mwetu na harambee moja ambayo watu walitoa wakicheka.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii na sina nyingine: mwenye kuomba pesa asiwe mwenye kutia saini. Chuo kiombe kwa barua, wakfu ujibu kwa barua, na watu wasiwe wale wale. Mkuu wa chuo aalikwe kikaoni, akae, aseme shida zake, anywe chai, lakini ikifika kura atoke nje. Wanaotoka chuoni wasifike hata theluthi ya wadhamini. Na saini ziwe mbili za lazima, si wowote wawili. Mimi sasa hata mke wangu akitaka pesa ya mchuzi namwambia alete barua. (Hajaleta. Huchukua.)

Haya, uliuliza usajili. Sisi tulikuwa amana ya wadhamini (trust), wengine husajili kampuni isiyo na hisa chini ya sheria ya kampuni ya 2015. Kama mtakwenda njia ya mashirika ya manufaa ya umma, jueni kwamba sheria yake ya 2013 ilianza kutumika 14 Mei 2024, ikafuta ile ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 1990, kwa hiyo mtu akikupa fomu za zamani mrudishie. Jina lolote mtakalochagua halitawasaidia kama kalamu iko mkono ule ule. Msamaha wa kodi ombeni mapema, sisi tulichelewa. Uliuliza pia ada ya wanafunzi wa zamani, na jambo jingine la nne ambalo limenitoka, na sitaki kupanda juu kulitafuta maana nitaliona tena lile neno "kuazima".

Kikao chenu umesema ni Alhamisi. Jumatatu nenda benki uchukue fomu ya kubadilisha watia saini. Huwa wanataka muhtasari wa kikao, vitambulisho na picha ndogo za wale wapya, basi wapige picha mapema. Na iwekeni ajenda namba moja. Isiwe Mengineyo.