Bwawa la chumvi nyumbani: maswali yenu kuhusu mashine ya klorini

Nikifunga mashine ya chumvi, nitaachana na klorini kabisa? (Kigamboni)

Hapana, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya. Klorini ni ile ile, ila inatengenezwa ndani ya bomba lako. Umeme unapita kati ya sahani za titani zilizo ndani ya seli, yaani kile chombo cha mashine kinachofungwa kwenye bomba, chumvi inavunjwa, klorini inaua vijidudu, halafu inarudi kuwa chumvi tena. Ndiyo maana chumvi haiishi kwa kutumika wala kwa jua. Inapungua maji yanapomwagika, yanapovuja, au filta inapooshwa. Endelea kupima klorini angalau mara mbili kwa wiki. Ibaki ppm 1 hadi 3, yaani miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Wageni wakijaa au mvua kubwa ikinyesha, mashine peke yake haitoshi. Ongeza klorini ya unga jioni, jua likishazama.

Bwawa langu ni mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5. Ninunue mashine ya ukubwa gani, na chumvi kiasi gani? (Mbezi Beach)

Hesabu yako ni mita za ujazo 48, sawa na lita 48,000. Kwa jua la pwani, bwawa lisilofunikwa hula takriban gramu 3 za klorini kwa kila mita ya ujazo kwa siku, kwa hiyo unahitaji gramu 144. Pampu ikizunguka saa 8, hiyo ni gramu 18 kwa saa. Nunua ya gramu 25 kwa saa uiendeshe kwenye asilimia 70 hivi. Usitazame tu maandishi ya boksi yanayosema inafaa bwawa la lita kadhaa. Tazama gramu kwa saa, kisha zidisha kwa saa ambazo pampu yako inafanya kazi kweli, upate gramu za siku. Mashine iliyonunuliwa kwa kubana itafanya kazi asilimia 100 kila siku, na seli itachakaa mapema.

Chumvi: mashine nyingi zinataka ppm 3,000 hadi 3,500. Lenga 3,200, yaani kilo 3.2 kwa kila mita ya ujazo. Kwako ni kilo 154, kwa hiyo mifuko sita ya kilo 25 inatosha. Lakini pima maji kwanza! Visima vya pwani mara nyingi vina chumvi tayari. Ukikuta ppm 600, mifuko mitano inatosha. Ukizidisha, dawa ni moja tu: kutoa maji na kujaza mapya.

Tafuta chumvi safi iliyooshwa, ya asilimia 99 au zaidi, isiyo na madini joto wala dawa ya kuzuia kugandamana. Chumvi ghafi kutoka mashamba ya chumvi ni ya bei rahisi, ila inakuja na mchanga, magnesiamu na kalsiamu, na hivyo ndivyo vinavyoganda kwenye sahani. Imwage kuzunguka bwawa, isukume kwa brashi isilale sakafuni, kisha endesha pampu saa 24 huku seli ikiwa imezimwa. Bwawa lenye plasta mpya lisubiri siku 28 hadi 30 kabla ya chumvi.

Fundi anataka kuiweka seli kati ya pampu na filta kwa sababu ndipo kuna nafasi. Ni sawa? (Nyali)

Mkatalie. Mpangilio ni pampu, filta, hita kama ipo, halafu seli, ikiwa ya mwisho kabla maji hayajarudi bwawani. Ikikaa kabla ya filta, uchafu utaingia kwenye sahani. Ikikaa kabla ya hita, klorini kali itakula shaba ya hita.

Mwambie atengeneze bomba kwa umbo la U iliyopinduliwa: lipande, lipite kwenye seli, lishuke. Sababu ni usalama. Seli inatoa pia gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Maji yakisimama ghafla, gesi inakusanyika juu ya U, maji yanashuka chini ya sahani, na uzalishaji unakoma wenyewe. Swichi ya mtiririko, inayozima seli maji yasipopita, ifungwe mshale ukifuata maji, na kabla yake kuwe na bomba lililonyooka angalau sentimita 30. Ikikaa karibu na kona, maji yanapita kwa msukosuko na itatoa kengele za uongo kila mara. Yunioni, yaani viungo vya bomba vinavyofunguka, zikazwe kwa mkono tu, gundi isiguse mpira wake. Baada ya kugundisha, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya kuwasha pampu.

Umeme usimwachie fundi bomba. Muite fundi umeme mwenye leseni, ya mamlaka ya nishati: EPRA kwa Kenya au EWURA kwa Tanzania. Boksi la umeme la mashine liwe mita 3.5 au zaidi kutoka ukingo wa maji, kivulini, mbali na madumu ya asidi kwa sababu mvuke wake unakula saketi. Lipitie swichi ya RCD (inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30 na kinga ya umeme unaopanda na kushuka. Tena liunganishwe baada ya taimeri ya pampu, ili pampu ikizimwa, nalo lizimike.

Mashine inasema chumvi ni ndogo, lakini kipimo kinaonyesha 3,200. Niongeze? (Arusha)

Usiongeze. Sahani zimefunikwa na magamba meupe, au seli imechakaa. Zima umeme, fungua seli, itazame dhidi ya mwanga. Ukiona magamba, changanya asidi ya haidrokloriki sehemu moja na maji sehemu tano, ukimwaga asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Vaa glavu na miwani, fanyia nje. Loweka dakika 10 hadi 15, mapovu yakiisha suuza. Usikwangue kwa bisibisi, utatoa utando wa sahani na seli ndiyo basi. Ikiwa ni safi na bado inalalamika, huenda imefika mwisho. Nyingi hudumu miaka 3 hadi 7.

Kwa nini pH inapanda kila wiki? (Diani)

Mapovu ya haidrojeni yanafukuza kaboni dioksidi kwenye maji, asidi inapungua, na pH, ambayo ni kipimo chake, inapanda. Ni kawaida ya mabwawa haya. Shusha alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isibadilike haraka) hadi ppm 60 hadi 80 na upandaji utapungua sana. pH ibaki 7.2 hadi 7.6. Kwa lita 48,000 anza na mililita 300 za asidi ya haidrokloriki, pampu ikizunguka, kisha pima baada ya saa nne. Asidi hiyo isikutane na klorini ya unga hata kidogo, hutoa gesi ya sumu.

Ukingo wa bwawa ni wa mawe ya matumbawe. Chumvi itaudhuru? (Kilifi)

Ndiyo, inaweza. Maji yenye chumvi huingia kwenye vitundu, yakikauka chembe zinapanuka na jiwe linamomonyoka. Lipake dawa ya kuziba vitundu, na lisuuze kwa maji yasiyo na chumvi baada ya watu kuoga. Ngazi iwe ya chuma cha pua cha daraja la 316. Na maji ya kuosha filta usiyaelekeze kwenye migomba wala bustani. Yapeleke mbali nayo.