Si Lazima Uzeeke na Muziki wa Ujana Wako

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kayole aliniandikia ujumbe usiku wa manane. Ana miaka 26. Gengetone, ule muziki wa vijana wa mitaa ya Nairobi, ilipolipuka 2018 alikuwa shabiki wa kufa na kupona; aliachia matatu tatu zimpite kituoni akingoja ile yenye ngoma zake. Siku hizi wimbo wa aina hiyo ukianza tu, kidole kinatafuta mahali pa kuuruka. Wenzake wanamwambia amejifanya. Akaniuliza: "Dada, nimezeeka ama nimepotea? Nifute zote?"

Swali lake nimelala nalo siku nne, kwa sababu mwezi uliopita nilijiuliza lilo hilo, nimesimama katikati ya ukumbi mmoja Westlands, soda mkononi.

Ulikuwa usiku wa ngoma za zamani. Nilikuwa nimeungoja mwezi mzima. Nilinunua raba nyeupe, nikamwachia mume wangu watoto, nikaingia mapema nipate nafasi karibu na spika. Saa tano hivi dijei akaweka wimbo ambao 1999 ungenifanya nipige kelele hadi makanga anyamaze. Watu wakaruka. Mimi nikasubiri mwili uitike, na mwili haukuitika. Maneno yote yalinijia mdomoni, mstari kwa mstari, hakuna nililosahau, lakini niliyatamka kama mtu anayesoma namba ya kitambulisho chake dirishani kwa karani. Nikaenda chooni, nikajifungia, nikalia.

Ili unielewe lazima nikupeleke mtaani Umoja, Nairobi, mwishoni mwa miaka ya tisini. Kabla ya hapo sisi tuliopenda kufoka, yaani kurap, tuliwaiga Wamarekani, tukijifanya tunajua mitaa ya New York ilhali hata Mombasa hatujafika. Halafu wakaja Kalamashaka, vijana wa Dandora, wakifoka kwa Kiswahili, tena Kiswahili chetu cha mtaani, kuhusu maisha tuliyoyaona tukifungua mlango. Dandora si mbali na kwetu. Unavuka Kariobangi, umefika. Sijui kama kijana wa leo anaweza kuelewa ilivyokuwa kusikia mtu wa jirani redioni. Nilihisi kana kwamba ni mimi nimeitwa jina.

Nilikuwa na daftari la Kasuku la kurasa 200, la mistari peke yake. Nilikuwa nikirekodi redioni, halafu narudisha kaseti nyuma, nasikiliza maneno matano, nasimamisha, naandika, narudisha tena. Betri zikianza kufa narudisha kwa kalamu ya Bic, naizungusha ndani ya tundu hadi kiganja kiume. Wimbo mmoja ungenichukua mchana mzima. Na karibu kila mara mtangazaji aliingilia kabla wimbo haujaisha, kwa hiyo ziko nyimbo ambazo hadi leo nikizisikia ninangoja sauti ya huyo bwana pale mwishoni, na asipoongea naona kitu kimepungua.

Tulikuwa wawili, mimi na msichana wa nyumba ya pili. Tuliandika mistari yetu, tukapanda jukwaani mara tatu, mara ya tatu mwandaaji akatuahidi nauli na hatukumwona tena. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Ninachotaka ujue ni kwamba muziki huu kwetu ulikuwa chama. Sisi tulikuwa watu wa hip hop, na watu wa kapuka, ule muziki wa kuchezwa disko, tuliwadharau, tukasema wanaimba vijinyimbo vya sherehe. Mwezi wa tatu 2003 E-Sir, mmoja wa nyota wa kapuka, alipokufa kwenye ajali ya barabarani, kijana wa miaka 21, mimi niliyekuwa nikimcheka mbele ya watu nilijifunika blanketi nikamlilia. Nilizijua nyimbo zake zote kwa moyo. Sikumwambia yeyote.

Ndiyo maana wenzako wanaumia, kijana wangu. Ukiuruka wimbo, wanaona umewaruka wao. Usiku ule Westlands yule rafiki yangu wa nyumba ya pili alinifuata nje. Alikuwa amelowa jasho, ana furaha, akanitazama raba zangu zisizo na hata vumbi, akaniambia, "Tangu upate kazi ya ofisi ulitutupa." Sikumjibu. Iliniuma na bado inaniuma, kwa sababu ni mimi niliyemwandikia barua alipokuwa shule ya bweni, ni mimi niliyemshikia mtoto wake wa kwanza. Lakini hakuwa anazungumza habari ya muziki, na mimi nilichelewa kulitambua hilo.

Sasa sikiliza ushauri wangu. Acha kujilazimisha. Mtu akikua, masikio nayo yanakua. Watafiti wa kumbukumbu wamelionyesha jambo hili mara nyingi: mtu mzima akiulizwa akumbuke maisha yake, mengi yanayomjia ni ya kati ya miaka 10 na 30. Ndio umri tunaoupakia nyimbo. Kwa hiyo ngoma zako za 2018 hazitakwenda popote. Zimeshakaa. Kutozitaka leo hakuzitoi mahali zilipo, na huna haja ya kuzisikiliza kila siku kana kwamba unalipa deni.

Pia usiogope kitakachokuja. Mimi kilinijia ndani ya basi la kutoka Machakos, 2016, tumekwama kwenye foleni Mlolongo. Dereva alikuwa amefungulia benga ya Kikamba, ile ambayo nikiwa msichana niliiita muziki wa washamba na kumwomba mamangu apunguze sauti wageni wasisikie. Hatukusonga kwa karibu saa nzima, sikuwa na la kufanya ila kusikiliza. Nikaisikia besi. Miaka yote nilidhani benga ni gitaa moja jembamba linalokimbia bila kuchoka. Kumbe chini yake besi inazungumza, inauliza na gitaa linajibu, na waimbaji wakinyamaza katikati ndipo wimbo hasa unapoanza, magitaa yanafukuzana hadi mguu unagonga sakafu bila kuamriwa. Mguu wangu uligonga sakafu. Nilifika nyumbani nikatafuta nyimbo za mwimbaji Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wake, mtu aliyeaga dunia 1987, mimi sijaanza hata shule, nikamsikiliza hadi saa saba usiku.

Na hapa ndipo ninakuomba, kwa moyo wangu wote: usifute. Umesema una nyimbo zaidi ya elfu moja kwenye flashi na unataka kuanza upya. Usifute.

Ninalisema hili kwa sababu nilifuta. Mwaka 1999 mamangu alikuwa na kaseti ya kwaya ya kanisa lao, iliyorekodiwa kanisani siku ya mavuno, yeye akiwa sauti ya pili pamoja na dada yake mkubwa. Ilikuwa nakala moja tu. Vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti vilikuwa vimevunjwa makusudi ili mtu asirekodi juu yake. Jumamosi moja kaseti zangu zote zilikuwa zimejaa na kipindi cha hip hop kinaanza. Nilichana ukurasa wa daftari, nikautafuna ukalainika, nikaziba matundu yote mawili kwa kidole, nikabonyeza kurekodi. Sikufikiri hata dakika moja. Niliamini muziki wao umeisha na wetu ndio utadumu.

Kesho yake asubuhi mama alikuwa anapiga pasi nguo za kanisani. Akaweka kaseti yake. Ikatoka ngoma, na mtangazaji akipiga kelele. Mama alisimama na pasi hewani, nikaona mvuke unapanda kutoka kwenye kitambaa. Hakunichapa. Alizima redio, akarudi kwenye shati la baba, akamaliza mikono yote miwili bila neno. Nilitamani anichape. Mamangu mkubwa alifariki mwaka uliofuata, na sauti yake haikuwa imerekodiwa mahali pengine.

Kwa hiyo ukiwaona watu wanasisimkia kitu ambacho wewe umekiacha, waheshimu. Ukiwaona wazee wanatingisha vichwa kwa kitu ambacho hujakifikia, waheshimu pia. Usirekodi juu ya mtu. Usifute cha kwako wala cha mwenzako. Nilikuwa na miaka 16 na nilijua kila kitu. Wewe una 26, unaweza kuwa na hekima kuniliko. Ziweke ngoma zako kwenye flashi, andika tarehe kwa kalamu, tia ndani ya droo. Halafu wapigie simu hao wenzako, waambie twende tukale nyama, na dijei wa pale aweke anachotaka.

Mimi rafiki yangu nilimpigia Jumapili. Hatukutaja Westlands. Tuliongea habari ya watoto, kisha akaniuliza kama lile daftari la Kasuku bado liko. Nikamwambia liko kwa mama, Machakos, kwenye sanduku moja na kaseti.

Nilikwenda kulichukua. Kaseti ile ya kwaya nayo nikaja nayo. Nilikumbuka kwamba siku ile kipindi kiliisha kabla ya upande wa pili haujaisha, nami nikasimamisha. Redio kaseti ya kuichezea sina tena, kwa hiyo juzi nilimpelekea fundi mmoja Luthuli Avenue anayehamishia kaseti kwenye flashi. Aliisafisha kwa pamba, akaisogeza hadi karibu na mwisho, akanivalisha vipokea sauti vyake. Mtangazaji akaaga. Ikafuata kelele ya mkwaruzo, kisha wanawake wengi wakaingia pamoja, katikati ya ubeti. Kilichobaki ni dakika nne na nusu. Fundi aliniuliza kama anikatie zile nyingine zote, anibakizie kwaya peke yake. Nikamwambia ahamishe kaseti yote ilivyo.