Simfoni si wimbo: tuiite nini?

SWALI: Nafundisha kwaya parokiani, Morogoro. Juzi redioni nilimsikia mtangazaji akisema, "Sasa tusikilize wimbo wa Mozart, Simfoni ya 40." Nikawaambia wanakwaya wangu kwamba hapo pamekosewa, maana humo hamna anayeimba. Mmoja akanibishia kuwa kwa Kiswahili muziki wowote ni wimbo. Nani yuko sahihi? Na kama simfoni si wimbo, tuiiteje?

JIBU: Mwalimu, uko sahihi, ingawa mwanakwaya wako naye ana pa kusimamia.

Wimbo limetokana na kitenzi imba. Kinachoimbwa ndicho wimbo. Lakini siku hizi watu wanapakua "nyimbo" kwenye simu hata kama ni gitaa tupu linalolia, na kwa mazungumzo ya kila siku sina ugomvi nao. Taabu huanza tunapofika kwa watunzi wa Ulaya kama Joseph Haydn, Mozart na Beethoven, kwa sababu katika muziki wao tofauti ya kupiga na kuimba imo ndani ya majina yenyewe. Sonata limetoka katika kitenzi cha Kiitaliano sonare, kupiga ala au kulia kwa ala. Kantata, utungo wa kuimbwa, limetoka cantare, kuimba. Ukisema "wimbo wa sonata" umelipa jina lile maana ya mwenzake. Simfoni nalo, jina la muziki mrefu wa okestra, asili yake ni Kigiriki, sauti zinazolia pamoja.

Wala tofauti hii si ya kuazima Ulaya. Zanzibar, taarabu ya asili ilizoea kufunguliwa kwa bashraf: udi, kanuni na fidla zinapigwa, mwimbaji hajatia neno. Watu wa taarabu hawasemi bashraf imeimbwa, wanasema imepigwa, na wimbo unafuata baadaye. Kwa hiyo masikio ya Waswahili yanajua siku nyingi kwamba kuna muziki kamili usio na maneno. Mimi napenda sana mfano huu, kwa kuwa unatuonyesha njia: muziki wa aina hiyo uite kwa jina la aina yake. Sema "tusikilize simfoni ya Mozart", basi. Ukihitaji neno la jumla litakalobeba simfoni, sonata na konseto (muziki wa ala moja ikiongoza mbele ya okestra) kwa pamoja, tumia utungo, wingi tungo. Linatokana na tunga, kitenzi kilekile kilichotupa mtunzi, na halidai kwamba kuna mtu anaimba. Kibao la magazetini linafaa bendi za dansi. Kwa Haydn halikai.

Hapa niongeze jambo ambalo hukuuliza lakini utalihitaji darasani. Simfoni ya wakati wa Mozart kwa kawaida ina vipande vinne vinavyopigwa kwa kufuatana, na wapo wanaoviita "miendo". Naomba tuviite sehemu, ili mwendo libaki kwa kasi ya muziki. Hapo utaweza kusema bila kutatiza: "Sehemu ya pili ina mwendo wa polepole."

Chukua sehemu ya kwanza ya simfoni hiyohiyo ya Mozart, aliyoikamilisha Vienna Julai 1788. Haina tarumbeta wala ngoma. Viola, ndugu za fidla zenye sauti nzito zaidi, zinatangulia kwa sauti ya chini, zikitetema, kisha fidla zinaingia. Wanakwaya wako waimbishe kwa solfa: fa-mi-mi, fa-mi-mi, fa-mi-mi-do, ile do ya mwisho ikiruka juu. Hiyo ndiyo dhamira ya kwanza, yaani wazo kuu la muziki, nayo iko katika maina, ngazi ya sauti yenye huzuni. Baadaye huja dhamira ya pili, nayo iko katika meja, ngazi nyangavu kidogo. Mtunzi anaichambua na kuizungusha ile ya kwanza, halafu anazirudisha zote mbili, ila safari hii ile ya pili imegeuzwa kuwa maina. Furaha imerudi imevaa huzuni. Mpangilio huo wa kutambulisha, kukuza na kurudisha ndio muundo wa sonata. Angalia basi: sonata peke yake ni utungo, aghalabu wa piano au wa ala moja pamoja na piano, muundo wa sonata ni namna ya kuujenga utungo, na unakutwa hata ndani ya simfoni. Ukiacha neno muundo, msomaji atadhani Mozart aliingiza sonata nzima katikati ya simfoni.

Ngeli isikusumbue: simfoni hii, simfoni hizi, sonata hii, sonata hizi.

Kuna kosa jingine la mtangazaji ambalo hukulitaja. "Simfoni ya 40" kwa Kiswahili maana yake ni ile iliyotanguliwa na simfoni nyingine 39 za Mozart, na hapo si kweli. Iliyoandikwa namba 37 imegunduliwa kuwa karibu yote ni ya Michael Haydn, mdogo wake Joseph. Mozart aliitungia utangulizi tu. Hata zile 104 za Joseph Haydn namba zake hazifuati sawasawa mfuatano wa kutungwa. Namba hizo ni lebo, kwa hiyo andika Simfoni Namba 40.

Mwanakwaya wako akitaka simfoni ambayo kweli ina watu wanaoimba, mpe Namba 9 ya Beethoven, ya mwaka 1824. Kwaya inaingia katika sehemu ya mwisho, na maneno ni ya mshairi Schiller. Pale akisema amesikia wimbo ndani ya simfoni, mkubalie.