Jibu: Ganzi ya miguu baada ya kemo
Pole sana, mdogo wangu. Umeuliza kwa nini vidole vya miguu vingali na ganzi miezi 8 baada ya kumaliza vinkristini, dawa ya kemo (tiba ya saratani). Dawa hiyo huumiza mishipa ya fahamu, na ile mirefu zaidi, ya miguuni, ndiyo huathirika kwanza. Hupona polepole mno. Wengine hubaki na ganzi kidogo. Basi usitembee pekupeku, hasa kwenye mchanga wa ufukwe wa Shela, hapa Lamu, adhuhuri, utaungua bila kuhisi. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Kila usiku weka kioo sakafuni uangalie nyayo, na katikati ya vidole pia. Ngazi za nyumba zetu ni za mwinuko, washa taa: mguu usiohisi hutegemea macho. Ukipata maumivu ya kuchoma usiku, muulize daktari kuhusu duloksetini, dawa ya kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, apime na sukari na vitamini B12.